Besi wa Naivasha: soma maji na upepo kabla ya kuchagua chambo

MshipiNaivasha (mwanzilishi wa uzi)

Wadau wa mshipi, salamu. Mvua imeanza kushika kule milimani na swali limerudi lile lile: chambo gani kinamshika besi, yule samaki wa mdomo mpana wa Ziwa Naivasha, sasa hivi? Watu wanatuma picha za visanduku vyao, wanalinganisha bei, kisha mtu anaenda ziwani, anarudi mikono mitupu na kusema besi wameisha. Hawajaisha. Wamepungua, hilo ni kweli, lakini waliopo huhama kila maji yanapobadilika, nasi tunaendelea kutupa pale pale palipotupa samaki mwezi uliopita.

Naona sehemu kubwa ya tatizo inatoka kwenye video za Marekani. Besi wa mdomo mpana ni samaki wa huko, aliletwa Naivasha mwaka 1929, kwa hiyo si vibaya kujifunza kwa wanaomjua tangu zamani. Shida ni kwamba wenzetu wanamvua kwa kalenda ya baridi na joto. Majira ya baridi anazama vilindini na kula kidogo sana, majira ya kuchipua anapanda maji mafupi kutaga, majira ya majani kupukutika anafukuza visamaki. Ziwa letu liko chini kidogo tu ya mstari wa Ikweta, juu ya mita 1,880 kutoka usawa wa bahari, na maji yake hukaa kwenye nyuzi 20 hivi au zaidi kidogo karibu mwaka mzima. Siku ya jua kali, maji ya juu yanaweza kubadilika joto kati ya alfajiri na alasiri karibu sawa na yanavyobadilika kati ya Januari na Julai. Ukingojea majira ya kuchipua Naivasha utangoja sana.

Mimi nafuata vitu vitatu: upepo wa siku, tope la mto Malewa, na kina cha ziwa. Kimoja hubadilika kwa saa, kingine kwa wiki, cha tatu kwa miaka.

Nianze na upepo kwa sababu ndio unaoamua siku yako. Kila anayeishi kando ya ziwa, Karagita au Kamere, anajua: asubuhi ziwa limelala, kuanzia adhuhuri upepo unaamka, alasiri kuna mawimbi. Asubuhi ile ya shwari besi anawinda kwa macho. Jicho lake linaona vizuri kwenye mwanga hafifu, kwa hiyo tangu kupambazuka hadi jua lipande yuko ukingoni mwa mafunjo, maji mafupi, anavizia. Hapo tupa mbali, mshipi mwembamba, chambo cha kuelea juu au kisamaki kidogo cha rangi ya kawaida. Zima injini mapema na umalizie kwa kasia. Maji yakiwa shwari, sauti ya kopo likigonga sakafu ya boti inatosha kuwafukuza.

Jua likishapanda na upepo haujaja, ndio wakati mgumu kuliko yote. Mwanga unaingia hadi chini, samaki anajificha kivulini. Acha chambo cha juu. Chukua mnyoo wa mpira, ufiche ncha ya ndoano ndani ya mpira wenyewe usinase majani, uudondoshe taratibu kando ya kisiki au chini ya kivuli cha mafunjo, kisha usiuguse. Watu wengi hawana subira ya kuuacha utulie.

Upepo ukianza, badilisha tena. Mawimbi yanavunja mwanga, maji ya juu na ya chini yanachanganyika, oksijeni inafika hadi chini. Vijimea na vidudu vinasukumwa upande upepo unakoelekea, visamaki vinafuata chakula, besi anafuata visamaki. Sasa anakimbiza, havizii tena. Hapo ndipo pa kutumia kijiko (chambo cha bati kinachong'aa) au kisahani kinachozunguka, na kukivuta haraka. Wengi wetu tunakimbilia upande uliokingwa kwa sababu ni raha kukaa huko, lakini chakula kimesukumwa upande wa pili.

Tope na kina cha ziwa nitaviandika hapa chini. Karibuni mchangie.

FundiWaGilgil

Asante kwa uzi, nimekuwa nikiusubiri mtu auanzishe. Nakubaliana na mengi ila hilo la mwisho la upande unaopigwa na upepo linahitaji kurekebishwa. Mimi navua sana upande wa kaskazini. Kule chini ni matope laini. Upepo ukipiga dakika chache tu maji ya ufuoni yanakuwa kama chai ya maziwa, na samaki aina ya kapi wamezidisha kwa sababu wanachimba chini kutafuta chakula mchana kutwa. Besi hakai ndani ya hayo maji kama ana pa kwenda. Upande huo mimi hupata samaki mahali upepo unapopita ubavuni, si pale unapogonga uso kwa uso.

MshipiNaivasha

Nakubali kabisa, na watu wazingatie hili. Kanuni ya ufuo unaopigwa inafaa palipo na sakafu ngumu: mawe, changarawe, mizizi, ukingo wenye mteremko. Palipo na tope laini upepo unaleta chakula na uchafu pamoja, na uchafu unashinda. Kwenye maji yaliyovurugika namna hiyo tafuta mpaka, yaani pale maji ya rangi ya chai yanapokutana na maji safi. Kaa upande wa tope, tupa upande safi, vuta chambo kuvuka ule mstari. Besi husimama pembeni ya mstari kwa sababu kitoweo kinatoka gizani bila kumwona.

Na hili linanileta kwa Malewa. Huu mto ndio unaoleta sehemu kubwa ya maji yote ya mito yanayoingia ziwani. Gilgil ni mdogo kwake, na Karati hukauka sehemu ya mwaka. Malewa unatoka milima ya Nyandarua. Kwa hiyo unaweza kuwa na jua la kukausha nguo mjini Naivasha huku mto umejaa udongo wa mashamba ya Kinangop. Msiangalie wingu lililo juu ya vichwa vyenu. Ulizeni kama kumenyesha Nyandarua. Mvua kubwa kule, kisha baada ya muda upande wa kaskazini unageuka rangi, na rangi hiyo inasogea polepole kuelekea kusini.

Kwenye maji ya tope besi haoni mbali, anategemea ule mstari wa ubavuni mwake unaohisi mtikisiko. Kwa hiyo:

Rangi nyeusi au ya zambarau iliyokoza, kwa sababu inatoa umbo dhidi ya mwanga wa juu. Kuna wanaopenda njano kali, nayo inafaa tope likiwa si zito. Rangi ya fedha inayong'aa jua likiwaka haina kazi hapa.

Chambo kikubwa kuliko cha kawaida, chenye mkia unaopiga maji au njuga ndani.

Mwendo wa polepole. Polepole zaidi ya unavyodhani. Ni lazima apate muda wa kukisikia, kukitafuta na kukifikia.

Tupa karibu. Kwenye tope samaki anajibana kwenye kisiki au shina la mafunjo, hatoki mita tano kufuata kitu asichokiona. Pitisha chambo karibu na shina kiasi cha kuligusa, na upitishe tena na tena.

OmeraDunga

Salamu kutoka Kisumu. Sisi huku hatuna besi, tuna sangara, ngege na wenzao, lakini nimesoma kila neno kwa sababu upepo ndio unaotutawala pia. Ghuba ya Winam upepo wa usiku na alfajiri unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka unatoka ziwani kuja nchi kavu. Wazee wa ufuo wetu wa Dunga wanatoka na ule wa kwanza na kurudi na wa pili. Magugu maji nayo yanasafiri hivyo hivyo: asubuhi ufuo ni mweupe, jioni umefungwa.

Nina maswali mawili, omera. La kwanza, nimepakua programu ya simu inayonionyesha shinikizo la hewa, na kila mtu wa Marekani anasema likishuka samaki wanakula, likipanda wanafunga midomo. Mnalitumia Naivasha? La pili, magugu maji mnayavua vipi? Huku sangara hatumtafuti humo.

MshipiNaivasha

Karibu sana ndugu yangu wa Dunga. Hili la shinikizo nalipenda kwa sababu limewapotezea watu pesa na siku nyingi.

Huko kwao kuna mikondo mikubwa ya hewa baridi inayopita kila baada ya siku chache, na shinikizo linaruka juu na chini sana. Sisi tulio karibu na Ikweta hatupati hiyo. Shinikizo letu hupanda na kushuka mara mbili kila siku, leo na kesho na mwakani, kwa saa karibu zile zile: linafika juu kwenye saa nne asubuhi, linashuka hadi chini kwenye saa kumi alasiri, linapanda tena usiku, linashuka tena alfajiri. Tofauti yenyewe ni milibari chache tu. Ukitazama programu yako alasiri utaona mshale unashuka na utadhani dhoruba inakuja, kumbe ni kawaida ya kila siku.

Pima kwa njia nyingine. Sentimita moja ya maji ina shinikizo la milibari moja hivi. Kwa hiyo mabadiliko ya milibari nne ni sawa na samaki kushuka sentimita nne. Besi anapanda na kushuka mita nzima akifuata kitoweo bila kujali. Mimi siamini kwamba hizo sentimita nne ndizo zinazomfunga mdomo.

Kinachobadilika kweli mvua inapokaribia ni mwanga na upepo. Wingu likifunika jua la mchana, besi aliyekuwa amejibana kivulini anatoka na kutembea. Hapo ukiwa na mnyoo wa mpira chini ya kisiki unachelewa. Chukua kitu cha kutembea, tafuta eneo kubwa. Wingu jepesi na upepo mdogo kwangu ndiyo hewa bora ziwani, hata saa saba mchana. Ukisikia radi, toka majini. Fimbo za kisasa nyingi zina nyuzi za kaboni, zinapitisha umeme, nawe ndiye mrefu kuliko kila kitu kilicho pale.

Magugu maji: yaliingia Naivasha mwishoni mwa miaka ya themanini na hayajaondoka. Zulia dogo au jembamba ni kivuli kizuri, chini yake kuna wadudu na visamaki. Zulia kubwa nene lililokaa muda mrefu ni jambo jingine. Mwanga haufiki chini, majani yanaoza, oksijeni inakwisha. Besi hakai katikati yake. Vua ukingo tu, hasa kona na mapengo yaliyoingia ndani, na upande ambao maji safi yanapita. Zulia likihama na upepo, samaki aliyekuwa chini yake anabaki uchi kwa muda na anatafuta kivuli cha karibu, nacho mara nyingi ni mafunjo au mti uliokufa. Chura wa mpira asiyenasa majani ndiye chambo cha humo, ila shika mshipi mnene. Besi akishika anapiga mbizi ndani ya mizizi na mshipi mwembamba hautamtoa.

Tafadhali musiingize boti katikati ya zulia. Upepo ukigeuka linakufungia, na injini haifanyi kazi humo.

MamaKamere

Wanangu, mimi sivui, nanunua na kukaanga. Niongeze neno moja la jikoni ambalo sijaona mtu akilisema. Mfungueni samaki tumbo hapo hapo ufuoni mtazame alichokula. Besi wakubwa ninaowapasua wana kamba, wale wekundu wenye makucha, wakati mwingine tumbo limejaa kabisa. Wadogo wana visamaki na wadudu. Siku nyingine wote wana visamaki vitupu. Mvuvi anayeniuzia hurudi kuniuliza nimekuta nini tumboni kabla ya kupanga kesho yake.

Na lingine. Mkimkuta besi amekaa mahali pamoja kwenye maji mafupi, hakimbii, anafukuza kila kinachokaribia, huyo ni dume analinda mayai au watoto. Ni rahisi kumshika kwa sababu hana njaa, ana hasira. Mkimtoa, tilapia na wengine wanamaliza kiota chote. Mwacheni. Mimi sitaki kumnunua.

MshipiNaivasha

Asante sana mama. Haya maneno mawili yana thamani kuliko kisanduku kizima cha chambo.

Kwa wasiojua, kamba hao wekundu asili yao ni Louisiana, na waliwekwa ziwani mwaka 1970, na besi amewazoea kama alivyowazoea kwao. Tumbo likionyesha kamba, chambo chako kitambae sakafuni: mpira wa rangi ya kahawia au wekundu uliokoza, chubwi ndogo mbele, uvute kwa kuruka ruka kidogo na kurudi nyuma, kwa sababu kamba akishtuka hukimbia kinyumenyume. Tumbo likionyesha visamaki, panda katikati ya maji.

Kuhusu dume wa kiotani, nakazia. Kwa kuwa maji yetu hayapoi sana, kutaga hapa hakungoji mwezi mmoja, kwa hiyo hatuwezi kusema tujizuie Aprili tu. Ni kumtambua na kumpita. Besi sasa ni wachache ukilinganisha na kapi, ambaye alionekana ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000 na baadaye akatawala nyavu zote. Kila kiota kina maana.

KijanaWaNakuru

Wakubwa, mimi niko Nakuru mjini. Ziwa letu la hapa ni la magadi na liko ndani ya hifadhi, kwa hiyo nikitaka kuvua ni Naivasha kwa matatu. Sina boti wala pesa ya kukodi kila mara. Nina fimbo moja, rili ya kawaida, na chambo chache. Likizo yangu ni Julai. Nimesikia Julai ni baridi na besi hawali. Niende au nihifadhi nauli?

OmeraDunga

Asante kwa jibu la shinikizo, ile hesabu ya sentimita nitawaonyesha wenzangu. Kijana, mimi ningeenda. Ila naomba mwenye uzi aeleze pia kina cha ziwa, maana kwetu maji yalipopanda mwaka 2020 fuo zote tulizozijua zilimezwa na tulilazimika kuanza upya.

MshipiNaivasha

Kina cha ziwa, kwa hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2010, baada ya ukame, maji ya Naivasha yalikuwa chini sana na samaki wengi walikufa. Miaka iliyofuata yakaanza kupanda, na kufikia 2020 nyumba za mtaa wa Kihoto zilikuwa ndani ya maji na familia zimehama. Hayo ni maumivu ya watu na siyasemi kwa wepesi. Kwa mvuvi, maana yake ni kwamba ramani ya zamani ya ufuo imefutika. Palipokuwa na malisho sasa pana maji. Migunga iliyokuwa nchi kavu imesimama imekufa ndani ya ziwa, pamoja na nguzo na seng'enge za mashamba.

Maji yakiwa yanapanda, besi anaingia ndani pamoja nayo. Nyasi zilizofunikwa upya zina wadudu, minyoo na kamba, na samaki wadogo wanakimbilia humo. Usisimame mbali ukitupa kwenye ukingo wa zamani; samaki wameshaingia ndani zaidi, nyuma ya ukingo huo. Maji yakiwa yanashuka, hata kwa kiasi kidogo, anarudi nyuma mapema kabla hajakwama. Mtafute kwenye ukingo wa nje, mti wa mwisho kuelekea kilindini, mdomo wa mfereji. Yakiwa yametulia kwa muda mrefu anarudi kwenye desturi, na hapo ndipo sehemu uliyoizoea inaanza tena kukulipa.

Nawezaje kujua yanapanda au yanashuka? Chagua nguzo au shina moja ambalo utalipita kila safari. Tazama alama ya unyevu. Shina lenye mkanda mkavu wa tope juu ya maji linakuambia yanashuka. Majani mabichi ya nchi kavu yaliyozama yanakuambia yanapanda.

Kwenye migunga iliyokufa tumia mshipi mnene na usipigane na samaki kwa madaha. Mgeuze kichwa mara tu anaposhika. Na seng'enge zipo chini, kwa hiyo usishuke kwenye boti kufuata ndoano iliyonasa. Ikate.

FundiWaGilgil

Niongeze tu kwamba sehemu ya Crescent Island ina kina kirefu kuliko ziwa lililobaki, kwa hiyo tope likitawala kaskazini, huko maji huchelewa kuchafuka. Siku za mvua kubwa mimi huhama kabisa.

MshipiNaivasha

Sawa kabisa. Ziwa lililobaki ni la mita chache tu kwa wastani, ndiyo maana upepo unalivuruga lote kwa urahisi.

Kijana wa Nakuru, nenda Julai. Baridi ya Naivasha ni ya usiku na mawingu ya asubuhi. Maji yanapoa nyuzi chache, besi anakuwa mzito kidogo, lakini hafungi mdomo. Geuza ratiba yako tu. Badala ya kuwahi alfajiri, lala vizuri ufike kwenye saa tatu. Mawingu yakiachia jua likapiga maji mafupi yaliyokingwa, hayo ndiyo yanayopata joto kwanza, na samaki wanaingia humo. Kati ya saa tano na mwanzo wa upepo ndio muda wako. Mnyoo wa mpira mdogo kuliko kawaida, taratibu, upumzishe kila unapouvuta kidogo. Upepo ukianza badilisha kwa kijiko, tembea ufuo, usisimame mahali pamoja. Anayevua kwa miguu ana faida moja: anafika kimya kuliko boti lolote.

Kabla ya kutupa mshipi pita kwa maafisa wa uvuvi upate leseni, na uwaulize wanakamati wa ufuo sehemu gani inaruhusiwa kuvua kutoka nchi kavu. Watakuonyesha pia njia za viboko. Hilo ndilo kubwa kuliko yote niliyoandika leo. Kiboko hutoka majini jioni kwenda kula na hurudi alfajiri, na akikukuta umesimama kati yake na maji hakuzunguki. Usikae kwenye uwazi uliokanyagwa ndani ya mafunjo, hata kama unaonekana mahali pazuri pa kutupia. Saa kumi na moja jioni uwe umekunja vitu. Siku utakayopanda boti, vaa jaketi la kujiokoa tangu mnapotoka, na nahodha akisema upepo umekuwa mkali turudi, mrudi.

Niandikie hapa siku mbili tatu kabla ya safari nikuambie Malewa uko vipi na maji yamefika wapi kwenye nguzo yangu, ndipo tuchague chambo.

KijanaWaNakuru

Nashukuru sana mzee. Mama Kamere, nikipata nitamleta kwako tumpasue tumbo tuone.

MamaKamere

Karibu mwanangu. Niulizie hapo ufuoni, watakuonyesha. Njoo kabla ya saa nane, moto ukiwa bado unawaka.